Jinsi Nilivyowazuia Watu wa Kamina Kunisukuma

Jina langu ni Ngoie. Nina mguu mmoja, na mikono ambayo imewaangusha mezani wanaume wengi wa mtaa wetu kwenye baa ya shemeji yangu. Wenyewe wanakubali, ingawa kwanza hutaja bia waliyokuwa wamekunywa. Mara kwa mara wauguzi wa hospitali huniita nikaongee na mgonjwa aliyekatwa kiungo, ambaye amegeukia ukuta na kukataa chakula. Nakwenda, nakaa kando ya kitanda, namsimulia. Safari hii nimeona niyaandike, maana wako wagonjwa walio mbali, Kaniama na Malemba-Nkulu, na baiskeli yangu haifiki kote huko.

Nilizaliwa hapa Kamina, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa fundi wa njia ya treni upande wa Luena, na tulimwona mwisho wa mwezi. Mama aliuza samaki wakavu wanaokuja kwa lori kutoka Malemba-Nkulu. Mimi na dada yangu mkubwa Mujinga, yaya yangu kama tunavyosema huku, tulimsaidia. Honi ya treni ikilia, wasichana wote wenye mabeseni kichwani walikimbilia stesheni, na aliyefika wa kwanza ndiye aliyepata madirisha ya abiria wenye njaa. Mara nyingi nilikuwa mimi. Nilikimbia bila kushika beseni, na samaki hawakudondoka.

"Huyu mutoto," Mama aliwaambia wenzake sokoni, "anakimbia sawa muntu mwenye kufukuzwa na nyuki."

Shuleni niliwashinda wavulana. Nilikuwa na miguu mirefu, nilikula vizuri, nililala vizuri, na sikujua kwamba mtu anaweza kuuhisi mfupa wake mwenyewe.

Ugonjwa ulianza kwa jambo dogo. Ilikuwa Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya wananchi wote, na mtaa wetu ulipangiwa kufyeka majani kando ya reli. Niliteleza, nikagonga muundi wa mguu wa kushoto kwenye taruma la chuma. Ngozi ilichubuka, damu ikatoka kidogo. Nilipaka mate, nikaendelea kufyeka, na siku zilizofuata niliuza samaki kama kawaida.

Kisha maumivu yakaja. Hayakuwa kwenye ngozi, kwani kidonda kilikuwa kimeshafunga. Yalikuwa ndani, kama mtu anayegongomea msumari kutoka katikati ya mfupa kuja nje. Homa ilipanda. Nilitetemeka juani, huku jasho likinitoka.

"Ni malaria tu," Mama alisema. "Kunywa kinini, ulale."

Nilikunywa kinini mpaka masikio yakavuma. Homa ilishuka, ikarudi. Mguu ukavimba, ngozi ikang'aa kama biringanya, na hata shuka ikiugusa nilipiga kelele. Shangazi yangu akaja kutoka Kaniama, akautazama mguu, akatikisa kichwa.

"Hii haiko malaria," alisema. "Kuna muntu alimufichia kitu mu njia."

Alinichanja chale na kupaka dawa nyeusi. Simdharau shangazi yangu. Alilala sakafuni kando ya mkeka wangu kwa muda wote aliokaa kwetu, akaninyanyua kila nilipotaka kujisaidia, na chozi lake lilikuwa la kweli. Lakini tulikuwa tunapoteza muda, na mfupa ulikuwa unaoza.

Siku moja mguu ulipasuka wenyewe. Usaha ulitoka wa manjano, ukaingia ndani ya mkeka, na harufu yake ikajaza nyumba. Majirani waliokuja kunipa pole wakawa wanasimama mlangoni, wakiongea haraka haraka. Mujinga peke yake ndiye aliyekaa karibu. Alichoma majani ya mikaratusi, akasafisha tundu kwa maji ya chumvi, akageuza uso akatapika nje ya dirisha, akarudi kuendelea. Katika kusafisha huko alitoa kitu cheupe, kigumu, kama jino la mbuzi.

"Mama," aliita. "Kuya uone. Ni mufupa."

Mama alikishika kile kipande, akakigeuza geuza mkononi. Alitoka, akarudi na pusipusi yetu, ule mkokoteni wa kubebea samaki, akatandika gunia, na wakanipandisha. Tulipita mjini hivyo hivyo, inzi wakitufuata, na hakuna aliyeweza kujua kama kinachonuka ni samaki au ni mimi.

Daktari alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti ya chini. Watu walimwita Munganga, na mimi nitamwita hivyo. Aliupima mguu, akaupiga picha, akanieleza kwamba vijidudu vilikuwa vimeingia ndani ya mfupa na kuufanya makazi yao. Alinipasua, akakwangua mfupa, akaacha kidonda wazi ili kisafishwe kila asubuhi. Kusafishwa kwenyewe sitakusimulia sana. Muuguzi alisokota kitambaa chenye dawa, akakiingiza ndani ya tundu mpaka kikagota, na mimi niliuma kitenge cha Mama. Kitenge kile bado kipo, na kina matundu.

Kwa muda nilipata nafuu. Nilianza kula ugali, nikaanza kugombana na Mujinga, na wote wakafurahi. Halafu homa kali ikarudi, na safari hii ilinichanganya akili. Kinena kilivimba, macho yakawa ya manjano, nikamwita Mama kwa jina la mwalimu wangu.

Nilipopata akili kidogo, Munganga alikuwa amekaa kitandani kwangu. Madaktari hawakai kitandani, hivyo nilijua.

"Sitwayeni Ngoie, sitakufichia," alisema, akiniita raia, kama tulivyoitana wote siku zile. "Sumu iko inaingia mu damu. Muguu ukibaki, tutakukosa weye."

"Utakata wapi?"

Alichora mstari kwa kidole juu ya goti langu.

"Na goti?"

"Goti iliisha kuharibika, mudogo yangu."

Mama alisimama akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Munganga, nani atamuoa? Mutoto wa mbio, unamukata muguu? Ju ya nini haukati wangu?"

Nilikuwa nimechoka sana, na pengine uchovu ulinisaidia. Nilimwambia Mama kwamba mume nitamtafuta mwenyewe, ila kwanza lazima niwe hai. Mujinga alicheka huku analia. Munganga alienda kunawa mikono.

Walinidunga sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Sikuhisi uchungu. Nilisikia msumeno, na mtikisiko wake ulipanda kupitia kiunoni mpaka kwenye meno. Muuguzi aliyenishika mkono alikuwa akiimba polepole wimbo wa kanisani, akikosea maneno, nami nilikuwa nikimsahihisha. Ndivyo mguu wangu wa kushoto ulivyoniaga. Mjomba aliuzika mwisho wa shamba letu la mihogo.

Homa iliondoka upesi, na haikurudi tena. Siku chache baadaye niliomba ugali kwa samaki, nikaomba tena, na Mama akakimbia nyumbani kuchukua mwingine.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni kwamba mguu usiokuwapo huwasha. Unyayo wangu wa kushoto, ule uliokuwa shambani, uliniwasha mpaka nikalia. Nikamwambia Mujinga.

"Nikwaruze wapi sasa?" aliuliza. "Yaya yako haiko munganga wa pepo."

"Kwaruza pale ingekuwa."

Aliinama, akakwaruza shuka. "Hapa?"

"Chini kidogo."

"Hapa?"

"Hapo njo! Kwaruza, yaya, kwaruza!"

Unaweza usiniamini, lakini ilisaidia. Mama aliingia na kumkuta binti yake mkubwa akikwaruza shuka tupu kwa bidii, na binti mdogo amefumba macho kwa raha. Aliweka bakuli chini, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akasema, "Minyi nilileta mugonjwa moja hapa. Sasa biko mbili." Tulicheka mpaka wagonjwa wengine wakauliza kuna nini, na wao wakacheka. Tangu siku ile nilijua kwamba nitapona.

Kupona kulichukua muda. Kisiki kilipofunga, nilipewa magongo ya mbao, nayo yakanichubua kwapa. Nilianguka kwenye matope ya masika, nilianguka kanisani, nilianguka mbele ya kijana niliyekuwa nikimpenda. Honi ya treni ikilia nilijifunika kitambaa usoni, kwa sababu mwili wangu wote uliinuka kutaka kukimbia, kisha ukakumbuka.

Aliyenitoa hapo ni Ajida Lokwa, mwanajeshi wa kambi kubwa iliyo nje ya mji, mtu wa mkoa wa Équateur, fundi wa kuchomea chuma; ajida ni cheo chake. Alikuwa ameanza kuwatengenezea vilema baiskeli za mikono kwa mabomba na magurudumu ya zamani. Mke wake alikuwa mteja wa Mama. Alisikia habari zangu kwenye samaki, akazipeleka nyumbani, na baada ya muda Ajida akaja kwetu akiwa amefunga nyuma ya gari la kambi kitu chenye magurudumu matatu, kimepakwa rangi ya kijani ya magari ya jeshi.

"Panda, mwana," alisema. "Maboko! Kazi ni ya maboko." Kwa Kilingala chake, maboko ni mikono.

Sisi huku baiskeli tunaiita kinga. Kinga ya mikono haina usukani wa pembeni. Pedali unazozungusha kwa mikono ndizo hizo hizo zinazogeuza gurudumu la mbele, na mkono mmoja ukivuta kuliko mwenzake, unaingia mtaroni. Siku ya kwanza niliingia mtaroni. Siku ya pili niliingia ndani ya karanga za jirani, na jirani akanifukuza kwa mwiko. Viganja vilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, ngozi mpya ikaota ngumu kama soli. Mabega yaliniuma hata sikuweza kujifunga kitambaa kichwani.

Kisha asubuhi moja, kwenye barabara iliyonyooka kwenda kambini, mikono ilipata mdundo wake. Magurudumu yakaanza kuimba. Upepo ukanipiga usoni, ule ule wa kukimbilia treni, nikapiga ukelele hata ng'ombe wa kando ya barabara wakanyanyua vichwa. Nilikuwa nimesharudi kwenye mbio.

Ajida alikuwa akifundisha kundi la wenye kinga, na bingwa wao alikuwa Sefu. Sefu ni mtoto wa familia ya Waislamu wenye asili ya Maniema, wauza vitambaa sokoni. Miguu yake ilinyauka tangu utoto, na mdomo wake haukuguswa na ugonjwa wowote.

"Mama Samaki!" aliniambia siku ya kwanza ya mazoezi, akinipita. "Unaendesha kinga ao unatwanga sombe?" Sombe kwetu ni kisamvu.

"Natwanga," nilimjibu, "ju nikupikie, wakati utachoka."

Hakuchoka. Ila mwaka ulipokuwa ukielekea mwisho, alikuwa ananipita kwa shida, na kuongea huku anapumua kulianza kumshinda. Nikaanza kutaka kitu kimoja kwa moyo wote. Kila sikukuu ya Chama, kile kimoja kilichotawala nchi, kulikuwa na mbio za kinga kutoka kambini mpaka mlango wa soko, na mshindi alipelekwa kwa treni Lubumbashi kushindana na vilema wa mkoa mzima wa Shaba. Nilitaka kwenda. Nilitaka jina langu lisomwe kwa kipaza sauti kama jina la mkimbiaji, si kama la mgonjwa anayeombewa.

Hapa lazima nieleze jambo kuhusu watu wangu. Barabara zetu ni za mchanga. Mtu anayetoka vijijini na baiskeli yenye magunia ya mahindi akikwama, anayepita huweka mzigo wake chini na kumsukuma. Haulizi, hangoji asante. Tulilelewa hivyo. Kwa mtu mwenye kinga ya mikono, ukarimu huo huzidi, mikono ikafika mgongoni kwako kabla ya salamu. Mara moja wazee wawili wa kanisa walinisukuma mpaka mlango wa kanisa huku mimi nikipiga kelele kwamba nakwenda kusaga mahindi.

Sheria ya mbio ilisema wazi: atakayesukumwa ametoka.

Katika mbio zangu za kwanza nilifika mchanga wa mwisho, karibu na soko, nikiwa mbele ya Sefu kwa urefu wa kinga moja. Watu walikuwa wamejaa pande zote. Magurudumu yalizama, nikavuta, yakaanza kutoka. Ghafla nikahisi kinga inaruka mbele kama inateremka mlima. Niligeuka. Mkono wa kwanza kwenye chuma ulikuwa wa Mama. Nyuma yake walikuwa akina mama wote wa samaki, wakilia kwa furaha, wakisukuma, vitambaa vimewaanguka. Tulivuka mstari kama harusi.

Mwamuzi, mzee aliyevaa abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, alinyanyua mkono. "Sitwayeni, ulisukumwa. Mushindi ni Sefu."

"Tulimusaidia tu!" watu walipiga kelele. "Tangu lini kusaidia ni kosa?"

Na Sefu? Hakuna aliyemgusa. Alikuwa amefunga nyuma ya kinga yake matawi ya miiba, pande zote.

"Ndugu yangu," aliniambia akipangusa jasho, "minyi nilisha kuwajua bantu ba Kamina. Mwaka wangu wa kwanza walinisukuma mpaka mu duka ya baba."

Nyumbani sikula. Mama alikaa mbele yangu, mikono mapajani.

"Mama, ulininyanganya," nilisema.

"Minyi? Minyi mama yako?" Aliinuka. "Mutoto wangu iko mu muchanga, bantu bote banaona, na minyi nasimama, mikono mu kiuno? Batasema mama gani ule? Batasema nilikuchoka tangu walikukata!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, kusimama mikono mitupu mbele ya mtu aliyekwama ni tusi. Mama hakuwa akinidharau. Alikuwa akijitetea mbele ya macho ya mji mzima, na pia mbele ya ule mguu ambao hakuweza kunipa badala ya wangu. Miiba ya Sefu ilimfaa Sefu. Mimi nisingeweza kumchoma Mama.

Basi, mwaka mzima nilifanya mazoezi ya aina mbili. Asubuhi nilifanya mazoezi ya mikono yangu, na jioni ya mikono ya wengine. Nilipita sokoni, kanisani, kwenye bomba la maji, nikieleza sheria. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakaitikia, kisha wakanisukuma kunirudisha nyumbani. Wake wa wanajeshi kule kambini, waliotoka kila pembe ya Zaire, nao walikuwa vile vile. Nilianza kukata tamaa.

Mujinga ndiye aliyeona mlango. "Unabaambia wasifanye kitu," alisema. "Hawa bantu hawajue kutofanya kitu. Uwape kazi."

"Kazi gani?"

"Makofi. Muntu mwenye kupiga makofi atakusukuma na nini?"

Alikuwa amewahi kucheza katika kundi la wachezaji wa Chama, akajua kupanga watu. Alitunga mdundo, polepole mwanzoni, kisha wa haraka, sawasawa na mzunguko wa mikono yangu. Akina mama wa samaki waliupenda, maana sasa kulikuwa na namna ya kuonyesha upendo mbele ya watu. Walijizoeza jioni nyuma ya soko. Kwa Mama tuliongeza ulinzi. Mujinga alimwambia ashike kuku mmoja kila mkono, kuku wa kumpikia mshindi.

"Na ukishindwa?" Mama aliuliza.

"Tutawala tu," alisema Mujinga. "Ila ushike nguvu."

Siku ya mbio ilikuwa na jua na vumbi. Kutoka kambini Sefu alitangulia, nami nikashikamana na miiba yake, nikiiona usoni njia nzima. Nyama za mikono ziliwaka, mate yalikauka. Tulipouona umati wa soko nilikuwa nimeshamfikia, na tuliingia mchangani bega kwa bega. Wote wawili tukazama.

Makofi yalikuwa yakilia pande zote, polepole, kama tulivyopanga.

"Mama Samaki," Sefu alinong'ona akihema, "tulale hapa?"

"Lala weye."

Nilivuta. Gurudumu la mbele lilichimba, likazidi kuzama. Nilivuta tena, likafika kwenye ekseli. Nikatazama upande wangu wa kulia, nikaona ukanda mwembamba wa ardhi ngumu, karibu kabisa na miguu ya watu. Kuufikia nilitakiwa kurudi nyuma kwanza. Nikaanza kuzungusha mikono kinyume, na kinga ikarudi nyuma.

Makofi yalivurugika. "Anarudia! Ngoie anarudia nyuma!" watu walilia. "Amechoka, mutoto wa bantu!"

Nikasikia kuku wakilia. Mama alikuwa amewaachia wote wawili. Alitoka kwenye mstari, akanijia mbio, mikono imenyooka mbele, na nikamwona usoni. Ulikuwa uso wa siku ile hospitalini. Vidole vyake vilifika karibu na chuma hata ningeweza kuvihesabu. Sikuwa na pumzi ya kumwambia neno. Nilimtazama tu.

Mikono yake ikasimama hewani. Kisha ikakutana yenyewe kwa yenyewe. Pa! Akapiga kofi moja, akapiga la pili, machozi yakimtiririka, peke yake katikati ya barabara. Akina mama wakampokea, na mdundo ukarudi kwa kishindo, safari hii ule wa haraka.

Niligeuza gurudumu kwenye ardhi ngumu. Nilivuta kwa mikono, kwa mgongo, kwa meno. Kinga ilitoka. Nyuma yangu nilimsikia Sefu akitaja Mungu na mchanga katika sentensi moja. Nikavuka mstari peke yangu, na hapakuwa na mkono wa mtu juu yangu.

Kipaza sauti kilisoma jina langu. Watu walisimama wakinitazama, wameshika viganja vyao vyekundu, hawajui wafanye nini, kama watoto walioambiwa wasiguse chakula. Niliwaonea huruma.

"Sasa," nilipiga kelele, "sasa musukume!"

Mungu wangu! Walinisukuma kuzunguka soko, wakanisukuma mpaka stesheni, wakapita mbele ya nyumba yetu bila kusimama na kunirudisha tena. Mtu alikata miiba ya Sefu kwa panga, naye akasukumwa, akitukana na kucheka. Mama alikuwa nyuma yangu njia nzima, amekataa kumwachia mtu nafasi yake. Kuku hawakuonekana tena.

Lubumbashi nilikwenda. Mara ya kwanza nilishindwa, mara ya pili, Kamina iliporuhusiwa kupeleka watu wawili, nikashinda, na Sefu alishika nafasi ya pili. Amenipa sharti nisiandike nilimshinda kwa urefu gani, nami natii. Mume nimempata, na ni mtu anayejua kungoja.

Namshukuru Mungu, namshukuru Munganga aliyekaa kitandani kwangu, Ajida na moto wake wa kuchomea chuma, shangazi aliyelala sakafuni, na Mujinga aliyetapika akarudi. Wewe mwenye maumivu ndani ya mfupa, na homa inayoshuka na kurudi, usingoje mguu upasuke. Nenda hospitali leo, hata kwa mkokoteni wa samaki. Wewe uliyekatwa, kula. Kukiwasha, omba ukwaruzwe bila haya. Nawe mzima unayetupenda, tunajua unatupenda. Utuulize kwanza tunakokwenda.

Kesho asubuhi nina mazoezi kwenye barabara ya kambini. Mvua imeharibu njia na nitakwama, hakuna shaka. Ukinikuta hapo, salimia, simama kando, unipigie makofi ya haraka.